Fuwele za Ndigana Kali

Simu ilinikuta maabara, Mbeya, nimeinama kwenye hadubini. Nilipoona namba ya ng'ambo niliipokea mbiombio, nikidhani napewa tarehe ya kutuma fuwele zangu. Miezi yote ile nilikuwa mtu wa kusubiri tarehe.

Aliyepiga alikuwa msimamizi wangu wa zamani, mama wa makamo aliyenifundisha kazi nilipokuwa mwanafunzi kwao. Kwa kawaida angeanza na mvua, halafu mahindi, halafu afya ya mama yangu, maana nilimzoesha salamu zetu mpaka akazipenda. Siku hiyo hakusalimia.

"Wamefuta mfuko," alisema. "Nimeona heri usikie kwangu kabla barua haijafika."

Nikamuuliza wameufuta kwa sababu gani.

"Kuna mmoja alisimama kwenye bunge letu akauliza kwa nini kodi za wananchi zitumike kuwamulikia watu wengine ng'ombe wao. Wenzake wakacheka. Hoja ikishachekwa hivyo, haina tena mtetezi."

 Nilirudisha jicho kwenye hadubini. Fuwele zilikuwa palepale ndani ya tone lake, zimekaa kimya, kingo zake kali kama za chumvi ya mawe.

Lazima nieleze nilikuwa nafanya nini, kwa sababu hata ndugu zangu hawakuwahi kuelewa, na siwalaumu. Mtu yeyote anayefuga ng'ombe wa kisasa katika nyanda zetu hizi anaijua ndigana kali. Kupe anauma, tezi za chini ya sikio zinavimba, ng'ombe anaacha kula, anahema kama amepandishwa mlima, povu linamtoka puani, na kabla wiki haijaisha unaita watu wachimbe shimo. Dawa ipo, tena ni ghali. Lakini mabwana mifugo walianza kuniambia jambo moja, kila mmoja kwa wakati wake: wanachoma sindano mapema, wanarudia, na ng'ombe anakufa vilevile. Nikachukua damu ya ng'ombe hao. Ndani ya kimelea nikaitafuta ile protini ambayo dawa huenda kuishika, nikakuta imebadilika kidogo. Ni kama mtu aliyebadilisha kitasa cha mlango: ufunguo wa zamani hauingii tena, na huwezi kuchonga mwingine kama hujakiona kitasa chenyewe.

Na kukiona si kazi ya hadubini. Protini ni ndogo mno. Inabidi uzikusanye nyingi, zijipange safu kwa safu mpaka ziwe fuwele, kisha uzipige mwanga wa eksirei. Si ile eksirei ya hospitali ya kuangalia mguu uliovunjika. Ni mwanga mkali usio na mfano, unaotoka kwenye mashine iitwayo sinkrotroni: bomba la duara ambamo chembe za umeme hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga, na jengo lake ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Kitu kama hicho hujengwa na serikali, kwa kodi za watu. Bara letu zima halina hata kimoja. Nchi ile ya msimamizi wangu inacho, na ilikuwa na mfuko wa kutusaidia sisi wa mbali. Unatuma fuwele zako zikiwa zimegandishwa, wanazimulika, wanakurudishia data, hutoi hata senti. Mfuko huo ndio uliofutwa. Kuanzia hapo muda wa mashine ungepewa nchi zinazochangia.

Kuzipata fuwele zile kulinila mwaka na nusu. Zinapenda joto lisilobadilika, na Mbeya ya Juni na Julai haimwonei huruma mtu, sembuse tone la maji. Umeme ulikuwa unakatika. Nilikuwa naweka vitrei vyangu vyenye yale matone ndani ya boksi la kubebea chanjo, nalizungushia blanketi la kitandani kwangu, mimi nalala na koti. Mara ya kwanza nilipata vumbi. Mara ya pili nyuzinyuzi kama nywele za mahindi. Kuna majaribio ambayo siyakumbuki tena, yote tone tupu. Asubuhi nilipoziona fuwele kamili sikupiga kelele. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikafikiri nimwambie nani ambaye ataelewa, nikampigia mzee wa uhimilishaji.

Mzee huyu alikuwa kwenye kituo cha kupandisha ng'ombe kwa mirija, na mbegu za madume huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya majimaji, baridi kuliko barafu yoyote unayoweza kuiwaza. Fuwele nazo huhifadhiwa humohumo. Yeye ndiye aliyekuwa akinijazia mtungi wangu kila baada ya wiki mbili, bila barua, bila fomu, kwa sababu tu nilimwomba vizuri siku ya kwanza.

"Hongera, dokta," aliniambia. "Sasa mimi nina ng'ombe kwenye mtungi, wewe una ndigana. Tusije tukachanganya tu."

Kwa hiyo mfuko ulipofutwa, fuwele zangu zilikuwa tayari; nikagandisha hata zile za mwisho, zikawa zinasubiri safari. Mkuu wa idara yangu hakukata tamaa mara moja, kwa hilo namsifu. Aliniita ofisini akaniambia, "Tuuandike mchango wa hiyo mashine kwenye makisio ya bajeti. Nchi ichangie. Kwa nini tuwe watu wa kupewa tu?" Nilitoka mle nikiwa namheshimu. Tuliandika pamoja kurasa tatu, na fungu lile likapanda juu na makisio mengine. Baada ya miezi kadhaa tukaambiwa ujumbe wa waheshimiwa wanaopitia makisio utakuja kututembelea, wajionee wenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Tuliambiwa saa nne asubuhi, wakafika saa nane mchana. Kuku walikuwa wamepoa na kupashwa tena mara mbili. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya nusu saa, mkuu akaninong'oneza mlangoni, "Dakika tano. Wana safari nyingine."

Nikaeleza kwa dakika tano. Nilitumia ule mfano wa kitasa na ufunguo. Mwenyekiti wa msafara, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinisikiliza huku mikono ameikunja tumboni. Nilipomaliza akauliza:

"Hiyo mashine ipo wapi, dokta?"

"Ipo ng'ambo, mheshimiwa."

"Tukichangia, italetwa hapa?"

"Hapana, mheshimiwa. Fuwele ndizo zitakwenda. Majibu yatarudi."

"Kwa hiyo sisi tutoe, wao wakae nayo."

Wajumbe wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Kilikuwa kicheko cha watu walioshiba. Lakini nilipokisikia nilikumbuka simu ya msimamizi wangu, na nikajua nimesimama mbele ya kicheko kilekile kilichonifungia mlango ng'ambo. Kule walikataa kwa sababu ng'ombe si wao. Huku wanakataa kwa sababu mashine si yetu. Nilitaka kusema hivyo. Nilitaka kuwaambia kwamba mchango tunaouomba haufiki bei ya gari moja kati ya yale yaliyoegeshwa nje, injini zikinguruma. Badala yake nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Mkuu wa idara akaokoa hali. "Dokta, hebu waoneshe ule moshi."

Naitrojeni ukiimimina inachemka kwa joto la chumba, na hewa inayoizunguka inageuka ukungu mweupe mzito unaotambaa sakafuni. Hauna harufu, haulowanishi kitu. Nilimimina kidogo kutoka kwenye mtungi wa fuwele, kwa sababu ndio mtungi pekee tuliokuwa nao. Ukungu ukafunika viatu vya waheshimiwa. Waliruka nyuma, kisha wakasogea mbele, wakafurahi kama watu wengine. Kwa mara ya kwanza mchana ule waliniuliza maswali. Ni baridi kiasi gani? Ukitia kidole? Ukitia ua?

"Rudia, dada," mjumbe mmoja akasema. "Simu yangu ilikuwa haijawaka."

Nikarudia. Mwenyekiti akataka apigwe picha yeye akiwa amevaa glovu, nikamimina tena. Nikamimina na mara ya nne, na hiyo hakuna aliyeniomba. Niliona wanapenda, nikajiambia kama hiki ndicho kitakachowafanya waseme ndiyo, basi nakimwaga chote.

Walipoondoka nilitumbukiza kile kijiti cha kupimia. Barafu ilishika vidole viwili tu kutoka chini. Nikamkimbilia mkuu nje, akiwa mlangoni mwa gari.

"Mzee, naitrojeni imebaki kidogo sana. Haitafika Jumapili."

"Usijali. Kesho asubuhi dereva anakwenda kituoni kuchukua. Nimeshamwambia."

Nikampigia mzee wa uhimilishaji kumjulisha. Akasema dereva aje kabla ya saa sita, maana baada ya hapo anafunga anakwenda vijijini. Nikamwambia atakuja.

Jioni ile ile mama alinipigia kutoka Iringa. Mama anaishi upande wa Tosamaganga, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Hakuwa mtu wa kulalamika kwenye simu.

"Ng'ombe hali," alisema. "Masikio yamelala. Bwana mifugo ameshachoma."

"Tezi?"

"Zimevimba, mwanangu. Kama mayai."

Alfajiri ya Ijumaa nilikuwa kwenye basi. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikupita maabara kwanza nikamsubiri dereva kwa macho yangu. Jibu ni kwamba nilimwamini mkuu, na kwamba mama alikuwa peke yake.

Nilifika alasiri. Mama alinipokea na salamu yake ya kawaida, "kamwene", nikaitika, tukaenda moja kwa moja bandani. Ng'ombe alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, mbavu zikipanda na kushuka haraka. Ndama alikuwa akimsukuma kiwele, hapati kitu. Bwana mifugo, kijana mpole aliyesomea chuo cha mifugo, alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano kwa mara ya pili. Alipomaliza kuchoma akafuta mikono, akanigeukia.

"Dokta, wewe ndiye msomi wa ndigana. Nifanye nini tena?"

Aliuliza kwa nia njema. Alidhani nina kitu. Kwa miaka minne sikuwa nimefanya kazi nyingine ila kile kimelea. Nilijua herufi za vinasaba vyake, nilijua ni wapi zimebadilika, na pale bandani nilikuwa sawa na jirani yeyote aliyekuja kutoa pole. Nikamwambia tumpe maji na tumpunguzie jua. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba ni ushauri.

Ng'ombe alikufa Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanapita njiani kwenda misa. Nilimsaidia mama kumfunga ndama mbali ili asione, jambo lisilo na maana, maana ndama alikuwa ameshaona. Vijana wa jirani wakachimba. Mama alikaa kwenye kigoda, kitenge amekivuta mabegani, akaangalia udongo unavyorudishwa. Halafu akasema, si kwa kunisuta, ni kama mtu anayewaza kwa sauti:

"Na wewe umesoma miaka yote hiyo."

Jumatatu nilirudi Mbeya, nikafika jioni, nikaenda maabara na begi mgongoni. Nilifungua mfuniko wa mtungi. Hakuna ukungu uliotoka. Kijiti kilitoka kikavu. Vile vichupa vidogo nilivyovipanga kwa mkono wangu, kimoja kimoja, vilikuwa vya uvuguvugu kama sarafu iliyokaa mfukoni. Nilivifungua vyote chini ya hadubini, ingawa nilijua. Fuwele ikishayeyuka hairudi. Palikuwa na utelezi tu, kitu kama kamasi.

Dereva nilimkuta kesho yake anaosha gari. Hakunificha.

"Dokta, Ijumaa asubuhi bosi aliniambia niongozane na msafara. Waheshimiwa walitaka kuona Daraja la Mungu, Tukuyu. Tukalala hukohuko. Mimi ningefanyaje?"

Kweli, yeye angefanyaje? Nikaenda kwa mkuu. Alinisikiliza, akasikitika, nadhani alisikitika kweli. Kisha akasema, "Lakini si utatengeneza nyingine? Njia umeshaijua."

Nilijaribu. Protini niliyokuwa nimeisafisha ilikuwa imekwisha, na moja ya kemikali haikuwapo tena nchini. Nilipoipata, nilifuata daftari langu neno kwa neno, blanketi na boksi la chanjo, kila kitu. Nikapata vumbi.

Makisio yaliporudi, fungu la mchango wa sinkrotroni lilikuwa limefutwa kwa mstari. Hakukuwa na maelezo. Chini yake, kwa fungu jipya ambalo hatukuliomba, tulipewa fedha za kujenga ukumbi wa maonesho kwa wageni. Mkuu alisoma barua hiyo mbele yetu kwenye kikao na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Mwishoni mwa mwaka ofisi ilichapisha kalenda, na kwenye ukurasa wa Machi ni mimi, nimeinamisha mtungi, moshi unawafunika waheshimiwa miguu. Nimecheka kwenye ile picha. Nimewalaumu wengi kwa jambo hili: bunge la ng'ambo, waheshimiwa wetu, mkuu, dereva, Daraja la Mungu. Lakini kila nikipita ofisini kwa mtu nikaikuta ile kalenda ukutani, naona mkono unaomimina ni wa nani.

Nilikaa miezi mingine sita. Nilikuwa naingia saa mbili, nasaini, najaza ripoti. Mzee wa uhimilishaji alinipigia mara moja kuniuliza mbona siku hizi siji kuchukua naitrojeni. Nikamwambia sina cha kugandisha. Akasema, "Pole, binti." Hakuniita dokta, na pole hiyo ndiyo iliyonitoa machozi, mimi niliyezika ng'ombe bila kulia.

Nikaandika barua ya kuacha kazi. Nikapata nafasi ya kufundisha kemia kwenye sekondari moja Iringa, nikapanga vyumba viwili mtaa wa Mlandege. Kazi si mbaya. Wanafunzi wa kidato cha tano wanapenda majaribio yanayobadilika rangi. Mama yuko karibu, naweza kumwona kila Jumapili.

Mwaka wa pili nikiwa pale niliandikiwa barua pepe na mwanafunzi wa msimamizi wangu. Alijitambulisha kwa adabu. Alikuwa na nakala ya vinasaba nilivyovituma zamani, alikuwa anajaribu kukuza fuwele za protini ile, na ameshindwa. Je, ningeweza kumweleza nilivyofanya? Wao muda wa mashine wanao, maana nchi ni yao.

Sikujibu kwa wiki mbili. Nilikuwa nikitoka darasani naifungua ile barua, naisoma, naifunga. Nataka niseme ukweli: haikuwa busara, ilikuwa choyo. Nilijiambia nao wakae na vumbi lao. Daftari lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa plastiki, na nilikuwa naweza kulichoma siku yoyote nikichoma takataka. Halafu jirani yangu mmoja, mjane anayeuza maziwa mtaani, akaja kuniambia leo hana maziwa, ng'ombe wake masikio yamelala. Usiniambie nilifanya hivyo kwa wema. Nililipiga daftari picha ukurasa kwa ukurasa nikiwa na hasira, na nikazituma zote nikiwa na hasira, pamoja na maelezo ya blanketi.

Alifaulu. Baada ya mwaka hivi makala ikatoka, akanitumia kiungo. Niliifungua kwa simu, nimekaa kitandani na madaftari ya wanafunzi miguuni. Protini ilikuwa pale, imechorwa kama utepe uliokunjwakunjwa, bluu na machungwa. Niliikuza kwa vidole mpaka nikafika mahali palipobadilika. Nilikuwa nimekisia vibaya. Nilidhani mlango umezibwa. Kumbe umepinda kidogo tu, upande. Kwenye shukrani, mwishoni kabisa, waliandika wanawashukuru wenzao wa Afrika Mashariki. Nilitafuta kama furaha ipo. Ilikuwapo kidogo, ndogo kuliko niliyostahili, na ilikuwa na uchungu kama shubiri.

Jumapili baada ya misa nilimwonesha mama. Aliishika simu mbali na macho, akaipinda huku na huku.

"Ndiyo yenyewe iliyoua ng'ombe wangu?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Haina hata sura." Akaendelea kuitazama. "Sasa dawa ipo?"

"Bado. Wameona tu ilivyo. Wakitaka, wanaweza kuanza kutafuta dawa."

"Wakitaka."

"Ndiyo, mama. Wakitaka."

Akanirudishia simu, akainuka, akachukua ndoo ya pumba. Siku hizi anafuga nguruwe.